Shamba la Urithi Unguja: Nani Atapanda Mkarafuu Mpya?

Mwenye shamba anapofariki Unguja, huacha vitu viwili, na kila kimoja hufuata njia yake. Haki ya mali huwahamia warithi papo hapo, hata hitima haijasomwa, wawe wanaijua au hawaijui. Kazi ya shamba haihami yenyewe. Kupalilia, kukata matawi yaliyokauka, kuwasimamia wachumaji, kuziba pengo la mti uliokufa, yote haya humngoja mtu ayachukue, na hakuna kifungu cha sheria kinachomtaja mtu huyo kwa jina. Uchambuzi huu unazifuata njia hizo mbili na kutazama wapi zinakutana na wapi zinaachana, kwa kuwa hapo ndipo inapoamuliwa kama shamba la baba litakuwa shamba la mwana, au litageuka kichaka kwanza na viwanja baadaye.

Tuanze na kitu chenyewe kinachorithiwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma. Sheria ya ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 inaiweka ardhi hiyo chini ya Rais, na mwananchi anakuwa na haki ya kuitumia, haki ambayo watoto wake wanaweza kuirithi. Juu ya ardhi kuna vipando, yaani miti na mazao ya kudumu yaliyopandwa na mtu. Kwa mila ya kisiwa hiki, iliyokuwapo muda mrefu kabla ya Mapinduzi, kipando kina mwenyewe mbali na ardhi. Inawezekana kabisa udongo ukawa wa mtu mmoja, minazi iliyosimama juu yake ikawa ya shangazi yake, na mihogo iliyo chini ya minazi ikawa ya jirani aliyeomba pa kulima. Watatu hao wanaweza kuishi miaka mingi bila ya ugomvi, maadamu kila mmoja anaujua mpaka wa haki yake. Kanuni hii ya kutenganisha mti na ardhi tuishike vizuri, maana tutaihitaji mbele.

Mashamba mengi ya upande wa magharibi na wa kaskazini, kwenye udongo wenye kina, ni ya eka tatu tatu, na asili yake ni moja. Kabla ya 1964 mashamba makubwa ya mikarafuu na minazi yalikuwa mikononi mwa wamiliki wachache, wengi wao wenye asili ya Kiarabu. Serikali ya Mzee Karume iliyataifisha, kisha kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ikayagawa kwa zaidi ya familia 20,000 za Unguja na Pemba. Chini ya sheria ya ugawaji ardhi ya 1966, aliyepewa hakuruhusiwa kuuza. Kwa familia zilizonyang'anywa, na ambazo nyingi leo zina watoto na wajukuu Maskat na kwingineko, urithi wa shamba ulikatika kwa amri moja. Kwa waliopewa, urithi ulianza hapo. Sasa mtu aliyepewa eka zake akiwa na miaka 30 katika mwaka 1966, kama yu hai, ana miaka kama 90. Maana yake ni kwamba mashamba haya yameshapita mikononi mwa watoto, au yanapita sasa, na wajukuu wako mlangoni. Pengine katika historia ya kisiwa, mashamba mengi namna hii hayajapata kupita kwa warithi kwa wakati mmoja.

Hebu tuchukue chaki. Mzee mmoja alikuwa na eka 3 zenye mikarafuu 64; nimechagua 64 ili hesabu itoke bila ya vipande. Amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Wazazi wake walishatangulia. Kwa Waislamu, ambao ndio karibu watu wote wa Unguja, mpango wa mirathi umewekwa katika aya ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ambao hauruhusiwi kupita thuluthi ya mali. Kinachobaki ndicho cha warithi. Mke, kwa kuwa mume ameacha watoto, anapata thumni, yaani moja ya nane: miti 8. Inabaki 56. Kila mtoto wa kiume anahesabiwa mafungu mawili na kila wa kike fungu moja, jumla mafungu manane, kila fungu miti 7. Basi kila mwana anapata miti 14 na kila binti miti 7. Ardhi ikigawanywa kwa kipimo hicho hicho, mke anapata eka 0.375, kila mwana eka 0.656, na kila binti eka 0.328. Hesabu ya aina hii ni kazi ya kila siku kwa kadhi na kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na haikuwahi kumpita mkubwa wala mdogo. Sultani Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto wake, waliozidi 30, waligawana mali yake, yakiwamo mashamba, na binti yake Salme ameyaeleza hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Tuendelee hatua moja. Mmoja wa wale wana watatu naye anafariki, na mama yake bado yu hai. Ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Mama anapata sudusi, moja ya sita. Mke anapata thumni. Kinachobaki kinagawanywa mafungu matano, mawili kwa kila mwana na moja kwa binti. Katika ardhi ya babu, binti huyu anafikiwa na mita za mraba zipatazo 376, na katika mikarafuu anafikiwa na miwili kasoro kidogo. Kaka zake wanapata kila mmoja mara mbili yake. Vifo viwili tu vimetosha.

Anayeishia hapa atahukumu kwamba mirathi ndiyo inayovunja mashamba, na wapo wengi wanaohukumu hivyo. Ni hukumu ya haraka. Hesabu ile imegawa haki; haikuamuru udongo ukatwe vipande. Na kwa kweli familia nyingi hazikati. Shamba huachwa pamoja, mmoja wa ndugu hukaa karibu nalo, na msimu wa karafuu ukifika mavuno huuzwa na fedha hugawanywa kwa mafungu. Tuiite hali hii mali ya shirika, maana yake mali ambayo kila mrithi ana sehemu inayojulikana kwa hesabu lakini haijaonyeshwa kwa mpaka. Sheria ya Kiislamu inaikubali. Kwa nje inaonekana ndiyo njia bora ya kuliokoa shamba, na watu huipenda kwa kuwa inawaepusha ndugu na aibu ya kupimiana ardhi kwa kamba mbele ya majirani.

Tatizo lake linajitokeza siku mmoja wao anapotaka kupanda. Tuseme yule mwana anayeishi shambani ameona mikarafuu kumi imekauka, akapata miche, akataka kuitia ardhini. Ile kanuni tuliyoishika mwanzo sasa inageuka dhidi yake. Ikiwa mti una mwenyewe mbali na ardhi, na mwenyewe ni aliyeupanda, basi kila mche atakaoutia ni dai. Ndugu zake hawakosi akili wanapoingia wasiwasi. Baada ya miaka 20, watoto wa mpandaji wanaweza kusimama mbele ya sheha, mkuu wa shehia, wakasema kwamba miti hii aliipanda baba yetu, mashahidi wapo, na hapa iliposimama ni petu. Kwa hiyo jibu la ndugu huwa la upole na lisilo na njia ya kulipita: lima mihogo, panda migomba, tia viazi vikuu, lakini miti ya kudumu tungoje kwanza mpaka mirathi igawanywe. Na mirathi haigawanywi, kwa sababu kuigawa ndiyo ile aibu ya kamba.

Sharti hilo la kutopanda miti ya kudumu lina historia Unguja. Wakati wa ukoloni, wenye mashamba makubwa waliwaruhusu watu kukaa na kulima chini ya mikarafuu na minazi yao, kwa sharti kwamba walime mazao ya msimu na wasipande miti. Mti ungewapa haki, muhogo haukuwapa. Mrithi wa leo aliye katika mali ya shirika isiyo na mapatano anajikuta katika hali ile ile, mgeni anayeombewa ruhusa, na huku shamba ni la baba yake.

Sasa tupime madhara kwa umri wa mti. Mkarafuu huchukua kiasi cha miaka 6 hadi 8 kuanza kuzaa, na ukitunzwa huweza kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Anayepanda akiwa na umri wa miaka 50 anawapandia zaidi wanawe. Shamba la mikarafuu linahitaji miche mipya kila baada ya miaka michache ili miti isizeeke yote kwa pamoja. Kupanda kukisimama, hakuna kinachoonekana mwaka ule, wala mwaka wa kumi. Wachumaji wanakuja, makonyo yanatengwa, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi, fedha zinagawanywa. Kuanguka kunakuja mwaka wa 25 au wa 30, wakati kila aliyekuwapo siku ya uamuzi ameshazeeka au amefariki. Watu wakitafuta sababu wakati huo wanamkuta dalali wa viwanja na kijana aliyekwenda mjini, wanawalaumu wao. Sababu ilikuwa imetangulia kwa robo karne.

Kuna mfano wa kihistoria unaosaidia kupima hoja hii. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Hata hivyo mashamba ya Unguja yalipandwa tena, mikarafuu na minazi, kwa jasho la watumwa, ambao utumwa wao ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897. Sikitaji kipindi hicho kwa kukitamani. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba hata hasara ya namna ile haikulimaliza shamba mahali ambapo ilijulikana wazi nani ana haki ya kupanda upya.

Wengine husema mzizi wa jambo ni bei. Bei ina uzito wake, na tusiudharau. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, ndilo mnunuzi wa karafuu, na kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo ya thamani ya zao lake. Vijana wa wakati huo waliona baba zao wanachuma na kubaki vile vile, wakajifunza. Kuanzia mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana bei ya mkulima, kwa sera ya kumfikishia asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Lakini katika mali ya shirika bei nzuri hufanya kazi mbili kwa pamoja. Humpa moyo anayelitunza shamba, na pia huwakumbusha warithi waliokuwa kimya kwamba wana mafungu yao. Anayepalilia miezi kumi na moja anaona ndugu watano wanafika mwezi wa kumi na mbili, na fungu lake ni lile lile la siku ya mazishi. Ikiwa ujira wake haukutolewa kabla ya kugawana, mwaka wa pili atapalilia nusu, na mwaka wa tatu atapalilia njia tu.

Pale ambapo vijana wamebaki, mara nyingi utakuta fedha inaingia kila wiki badala ya kila msimu. Kizimbani na Kidichi kuna mashamba yanayopokea watalii wanaokuja kuona manjano, mdalasini, hiliki, pilipili manga na vanila. Kwengine, machungwa na shokishoki hupelekwa Darajani na Mwanakwerekwe. Kijana aliyemaliza skuli haoni vibaya kufanya kazi hii. Lakini zingatia kwamba shamba la aina hiyo linataka uamuzi wa haraka kila siku: pa kujenga banda la wageni, mpilipili gani upandishwe kwenye mti gani, nani aajiriwe. Haliwezi kungoja ridhaa ya warithi sita, mmoja wao akiwa Dar es Salaam na mwengine Dubai. Kwa hiyo hata hapa swali linarudi kuwa ni nani mwenye idhini.

Halafu kuna mji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Wengi wa walioongezeka wanaishi Mjini Magharibi na pembezoni mwake. Fuoni, Tomondo na Kisauni palikuwa mashamba. Leo ni nyumba, maduka na vituo vya daladala. Turudi kwenye ubao, kwa yule binti mwenye mita za mraba 376. Kwa kilimo cha mikarafuu kipande hicho hakifai kitu. Kwa nyumba ya vyumba vitatu na ua wake kinatosha. Mji haukuja kulinyakua shamba kwa nguvu. Ulifika wakati hesabu ya mirathi imeshatoa mafungu yaliyo na ukubwa wa kiwanja, na wenye mafungu hawana mapatano yoyote ya kuyatumia kwa namna nyengine. Katika mashamba ya mbali na mji, kama Donge au Bambi, mapatano yanaweza kuchelewa na shamba likasubiri. Karibu na mji halisubiri.

Upande wa mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, habari ni nyengine na nitaipitia kwa ufupi. Huko ardhi ya kulima hutumiwa kwa kupokezana na kupumzishwa, haki za ukoo na kijiji zina nguvu, na kinachorithiwa hasa ni kiambo na minazi yake. Hoteli za ufukweni zilipoanza kuongezeka, minazi hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani ya kuuzwa. Wanawake wa huko walipata mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, na bahari ikawa shamba lisilohitaji mirathi.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha, nalo ni fungu la mabinti. Ni kawaida dada aliyeolewa kusema, nawaachia kaka zangu. Kila mtu hufurahi, na dada husifiwa. Lakini kuachia kwa maneno ya sebuleni, bila ya kuulizwa anaachia nini na kwa muda gani, bila ya shahidi, hakuondoi haki yake. Kunainyamazisha tu. Watoto wake watakapokua watauliza, na watakuwa na haki ya kuuliza. Kaka aliyedhani ana mafungu yote alikuwa akipanda juu ya haki ya mtu mwengine. Mara nyingi dada huachia kwa kuogopa kuvunja undugu, na katika hali hiyo sioni kama tunaweza kuiita ni ridhaa.

Je, sheria yenyewe imetoa zana gani? Zipo, na ni za zamani. Ya kwanza ni hiba, zawadi anayoitoa mtu katika uhai wake. Sharti lake ni kukabidhi: anayepewa lazima aishike mali, si kuahidiwa. Wazee wengi hulikwepa sharti hili kwa kuogopa kubaki mikono mitupu, na hofu yao ina msingi. Nyengine ni kutoleana: mrithi anakubali kupokea fedha au mali nyengine na kulitoka shamba, wazi, kwa hiari na kwa maandishi. Kuna pia wakfu wa kizazi, unaolifunga shamba lisiuzwe ili manufaa yake yawafikie watoto na wajukuu. Njia hii ilijeruhiwa na ukoloni. Mwaka 1894 mahakama ya mwisho ya rufaa ya Dola ya Uingereza, mjini London, katika kesi iliyotoka India, ilibatilisha wakfu ulionufaisha kizazi cha aliyeweka na kuwafikia maskini mwisho kabisa, na mahakama za kikoloni za Afrika Mashariki zikaufuata uamuzi huo, mpaka zilipotungwa sheria za kuurudishia wakfu uhalali. Hata hivyo wakfu unafunga mno. Shamba lililofungwa kwa kizazi kizima bado linahitaji mtu wa kupanda.

Baada ya hatua hizi naweza kusema nionavyo. Bei, mji, skuli na ukubwa wa familia vyote vina nguvu, lakini vinapita katika mlango mmoja: kama kuna mtu katika warithi anayetambuliwa na wenzake wote kwamba ana haki ya kupanda mti wa kudumu, na kama inajulikana mti huo utakuwa wa nani. Ndugu wanaweza kubaki katika mali ya shirika miaka 50 bila ya kukata ardhi, ikiwa wana karatasi moja iliyoshuhudiwa na sheha na kuwekwa saini na wote, mabinti wakiwamo kwa mafungu yao. Karatasi hiyo ieleze nani mwangalizi, ujira wake ni kiasi gani kabla ya kugawana, miche mipya ni ya wote au ni ya mpandaji na kwa masharti gani, na anayetaka kutoka atalipwa vipi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopingana na mafungu ya mirathi. Ni mapatano ya wenye mali juu ya mali yao.

Kinachozuia mapatano hayo ni kuoneana haya. Mtoto anayeuliza habari za shamba mzee akiwa hai anaonekana anamwombea kifo. Kwa hiyo mazungumzo lazima ayafungue mzee mwenyewe, na wakati wake ni pale anapokuwa bado anaweza kutembea shambani na kuonyesha kwa mkono mpaka, kisima, na miti aliyopanda yeye na aliyoikuta.

Na kama katika familia kuna mjukuu aliyefiwa na baba kabla ya babu, mzee asimwachie kadhi jambo hilo. Mbele ya ami zake, mjukuu huyo hana fungu, hata kama ndiye aliyelelewa shambani na ndiye anayejua kila mti unazaa kiasi gani. Si mrithi, na kwa sababu hiyo hiyo wasia kwake unajuzu bila ya kuomba idhini ya yeyote, maadamu haupiti thuluthi. Katika shamba la mfano wetu, ikiwa hakuna deni, thuluthi hiyo ni eka nzima na mikarafuu 21.